Mama na Mstari wa Kushoto

Jumatatu, 12 Agosti

Verna ametangaza. Mama anazikwa Jumapili baada ya ibada, kando ya Baba. Hakuniuliza. Dada yangu akishapanga jambo halijadili, anakutaarifu tu, kama mtu wa utabiri wa hali ya hewa.

Nimenyamaza. Lakini kunyamaza kwangu si kukubali. Nina ahadi.

Ahadi yenyewe ni hii. Mwaka jana tunatazama mechi ya besiboli, mimi na Mama, bakuli la bisi mapajani mwake, Boston inachapwa na New York. Bila kutoa macho kwenye televisheni akasema kwamba akifa achomwe, kijiko kimoja cha majivu yake kikawekwe chini ya ukuta wa kijani kule Fenway, uwanja wa Boston, na kilichobaki kipelekwe kwa Baba. Nikasema sawa. Akasema niape. Nikaapa. Halafu akaniambia nisogee, namzibia.

Verna anasema Mama alikuwa anatania. Mama! Mwanamke aliyechelewa harusi ya Verna kwa sababu mechi ilikuwa haijaisha! Mpira wowote uliopigwa kando ya mstari wa kushoto, Mama alipiga kelele "Ndani!", hata kama umeangukia kwenye bia ya mtazamaji. Kwa Mama hakukuwa na mpira wa nje, labda uwe umepigwa na New York.

Fenway kwenyewe nilishajaribu, Julai. Nilikwenda mpaka Boston na unga wa ngano kwenye mfuko mdogo, kwa majaribio, nione walinzi wakoje. Walinzi wako vizuri sana. Nilitolewa kabla wimbo wa taifa haujaanza, na unga ukabaki kwao. Kama unga umeshindwa kuingia, Mama ataingiaje?

Basi imebaki Fenway ya Merrill. Merrill Stockbridge, jirani yangu na adui yangu, alijenga Fenway ndogo nyuma ya ghala lake la nyasi. Ukuta wa kijani upo, urefu wa ghala. Mlingoti wa njano upo. Ubao wa matokeo upo, mtu anaingia ndani ya ukuta na kutundika namba kwa mkono, kama Boston. Mama alipopelekwa kuuona mara ya kwanza aliupapasa ukuta, akasema ni ule ule, ila umefuliwa kwa maji ya moto ukajikunja.

Kwa hiyo ni ule ule. Mwenyewe alisema. Ahadi inatimizika.

Tatizo ni Merrill. Getini ameweka kibao: HAIRUHUSIWI MBWA, VIATU VYA MENO, MAREHEMU. Hiyo ya mwisho aliiongeza baada ya mjane mmoja kumwaga mume wake pale anaposimama mpigaji. Mechi iliyofuata watu waliteleza.

Tatizo la pili ni Verna. Kopo la majivu ya Mama liko kwake, juu ya friji, karibu na saa ya jiko. Kesho nitakwenda kumsaidia kuchambua maharage ya chakula cha jioni cha kanisa. Tangu tuzaliwe sijawahi kumsaidia kuchambua kitu. Natumaini hatashangaa.

Jumanne, 13 Agosti

Alishangaa.

Aliniangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akauliza kama naumwa. Nikasema mtu hawezi kumpenda dada yake? Akasema anaweza, lakini si Jumanne asubuhi. Akanipa bakuli la maharage na kiti kinachotazama friji. Kiti kizuri mno.

Nikasubiri. Verna hatoki jikoni. Verna ni mtu wa kukaa jikoni kama mlango. Hatimaye simu ya sebuleni ikalia, mchungaji anauliza kuhusu maua. Nikaruka. Kopo chini, kifuniko juu, kijiko cha supu ndani. Kijiko kimoja, kilichojaa vizuri, si cha kupunja. Moyo unanidunda mpaka kwenye meno. Nikasema samahani Mama, nikasikia upuuzi wa kumwomba radhi mtu uliyemshika kwenye kijiko, lakini nikasema tena.

Sasa mbinu yangu. Mpira wa Merrill si wa ngozi, ni wa plastiki, mwepesi, una matundu upande mmoja na ndani ni mtupu. Nani atakagua mpira kwenye uwanja wa mpira? Nilikuwa nao mfukoni. Nikamimina Mama kupitia tundu kwa kipande cha karatasi nilichokunja, nikaziba matundu yote kwa nta ya mshumaa. Kesho naingia kama mgeni, naurusha mpira ukutani, nta inapasuka, Mama yuko nyumbani. Akili hii inapotea bure kijijini hapa.

Verna aliporudi nilikuwa nimeshakaa. Aliangalia friji. Aliangalia mkono wangu. Akauliza ule weupe kwenye kidole ni nini. Nikasema vumbi la maharage. Akasema maharage yake hayana vumbi, kayaosha jana. Akarudi kuchambua na hakusema kitu tena. Sipendi Verna akinyamaza.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimevaa suruali nyingine.

Nilifika kwa Merrill saa za wageni, pamoja na familia moja kutoka jimbo la Maine. Merrill alitupokea amevaa kofia yake ya kapteni. Yeye ni kapteni wa Wazimamoto wa kujitolea, timu ya kijiji chetu, Craddock Hollow. Mwaka jana alinifukuza kwenye timu hiyo kwa sababu nilipeleka kwenye fainali mipira niliyoigandisha kwenye friji, ili wapinzani wakipiga isiende mbali. Ikatokea kwamba tuliopewa kuipiga ni sisi. Tulifungwa na Craddock Mashariki, kama kila mwaka. Merrill hajasahau. Hata mke wake hunisalimia kwa pua.

Akatuzungusha. Hiki ndicho kiti chekundu, kama kile cha Boston, hapa ndipo warushaji wanapopasha misuli, msiguse ukuta, rangi ni ile ile ya Boston. Watu wa Maine wanapiga picha. Mimi nasogea kushoto, taratibu, mpira mkononi. Merrill anaongea na wao, jicho liko kwangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye nyasi za kushoto, ukuta mbele yangu kabisa, nimenyanyua mkono.

Merrill akaniita. Akasema kwa kuwa nimekuja na mpira wangu mwenyewe, nimrushie mmoja, awaonyeshe wageni jinsi unavyopaa juu ya ukuta. Na alikuwa ameshachukua rungu la kupigia.

Nikaganda. Watu wa Maine wanashangilia. Merrill anazungusha lile rungu lake la njano. Nimrushie Mama ampige rungu! Mbele ya watu wa Maine!

Nikasema mgongo umenikamata. Akasema basi nimpe mmoja wa wageni arushe. Akaja mwenyewe, akautoa mpira mkononi mwangu, akautikisa. Ukalia chaka chaka. Akautikisa tena karibu na sikio. Akauliza nimeweka nini humu, na kama bado nina ile tabia yangu ya kuchezea mipira. Nikaunyakua. Nikasema ni mpira wa kumbukumbu. Akasema kumbukumbu hazilii chaka chaka. Nikaondoka mbio, na kwa mtu aliyekamatwa na mgongo nilikimbia vizuri, hata mimi nilijiona.

Niliuweka mpira juu ya dashibodi ya gari, nikapita dukani kununua maziwa ili nipumue. Jua la Agosti. Kioo kimefungwa. Nta.

Niliporudi nta ilikuwa imeteremka mpaka kwenye redio, na nilipoushika mpira Mama akanimwagikia mapajani. Nililia kidogo pale kwenye maegesho, si aibu kusema. Halafu nikafunga mlango upepo usipite, nikamkusanya kwa kadi ya maktaba, punje kwa punje, nikamtia kwenye kikopo cha majani ya chai. Nimekung'uta suruali juu ya gazeti pia. Nadhani nimempata karibu wote. Mpira nimeutupa kwenye sanduku la zana, sitaki kuuona.

Jumapili inakuja.

Alhamisi, 15 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Mvua ni nzuri kwa kufikiri.

Nilikuwa dirishani nikaona Merrill anapita na gunia begani, kalifunika kwa koti lake la mvua, mwenyewe kalowa. Chokaa ya mistari! Nikasimama. Kwenye uwanja wa besiboli kuna unga mweupe unaomwagwa hadharani, mbele ya kila mtu, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Mstari wa kushoto unakwenda kuishia wapi? Chini ya mlingoti wa njano. Mlingoti umesimama wapi? Kwenye ukuta wa kijani!

Na desturi ya hapa ni kwamba mwamuzi wa mstari ndiye anayeuchora mwenyewe kabla ya fainali, kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Fainali ni Jumamosi. Na mwamuzi wetu wa mstari wa kushoto, mwalimu mstaafu, jana kaumwa na nyigu kwenye kope zote mbili. Nasema haya kwa masikitiko.

Nikavaa koti nikaenda kwa Merrill. Hakunikaribisha ndani, tuliongea kwenye ngazi, mimi kwenye mvua. Nikamwambia nimesikia hana mwamuzi, na mimi naona mbali vizuri. Akasema angempa kazi hiyo hata mbwa kabla yangu, ila mbwa hawaruhusiwi. Nikasema nataka kulipa kosa la mwaka jana. Akakuna shingo. Akasema Mama yangu alimfundisha kusoma, na kwa heshima ya Mama, basi. Lakini niape.

Tulikwenda uwanjani kwenye mvua hiyo hiyo. Nikapiga goti, mkono kwenye kibao cha mpigaji, kile kilicholazwa chini anaposimama, nikaapa kwamba nitasema nilichokiona, si ninachokitaka, hata kama ni kibaya kwa kijiji changu. Merrill aliyatamka maneno polepole, mimi nikayarudia. Aliponiinua hakuuachia mkono wangu haraka.

Akasema, "Orrin, miaka yote hii hatujashinda. Safari hii tuna timu. Usije ukanifanyia mambo yako."

Nikasema mambo gani. Nikaangalia viatu vyangu. Ila mpango ni mzuri.

Ijumaa, 16 Agosti

Verna alikuja. Hakubisha hodi.

Alikuwa na kopo la Mama mikononi. Akaliweka mezani kwangu, akakaa. Kwenye ukingo wa kifuniko kulikuwa na tone la nta, dogo, jeupe. Akaliwekea kidole. Akauliza mtu anayekwenda kuchambua maharage anahitaji mshumaa wa nini.

Nikasema umeme wakati mwingine unakatika. Akasema saa nne asubuhi.

Nilidhani atanigombeza, nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa, nimezoea tangu utoto. Hakugombeza. Alinikumbusha mguu wa Baba. Ule uliobaki kwenye mashine ya kukatia nyasi kabla sijazaliwa, ambao hakuna aliyejua ulizikwa wapi, au kama ulizikwa. Mimi nilimjua Baba na mguu wa mbao, sikuona ajabu. Verna alikuwepo siku ile. Alikuwa mdogo, ndiye aliyetumwa kuita watu.

Akasema, "Baba tulimzika amepungua. Nimekaa na jambo hilo maisha yangu yote. Mama nataka azikwe mzima, Orrin. Niambie hujatoa kitu humu."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

Na mimi nikamwambia sijatoa kitu. Nikaapa. Hiki ni kiapo cha tatu, na sioni namna ya kuvitimiza vyote: cha Mama, cha Merrill, cha Verna. Nimekuwa kama duka la viapo.

Akanitazama. Akatoa utepe mpana wa gundi kwenye mkoba, akalizungushia kopo lote, kifuniko na ubavu, akakata kwa meno. Akaondoka nalo.

Nimekaa na kikopo cha chai mbele yangu. Kabla hajazungusha ule utepe ningeweza kusema. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kumuuliza kama kesho ataleta pai ya tufaha.

Naogopa. Nikikirudisha kile kijiko cha majivu nitavunja ahadi ya Mama, na sasa hata pa kukirudisha hapapo. Nikikimwaga uwanjani nitakuwa nimemfanya Verna azike mzazi wa pili aliyepungua. Nimelifikiria jambo hili mpaka supu imeungua. Naona nifanye haraka, kabla sijalifikiria tena.

Jumamosi, 17 Agosti

Yote niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nyasi zililowa umande. Chokaa ya Merrill nayo ilikuwa imekula mvua ya juzi, mbichi, inatoka kwenye kigurudumu cha kuchorea mistari kama uji mzito. Nikasukuma kigurudumu kutoka kwenye kibao cha mpigaji, kushoto, taratibu, mstari umenyooka, na Merrill amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Hatua yangu moja, hatua yake moja. Nikafikiri huyu atanifuata mpaka ukutani. Karibu na mlingoti mkewe akamwita, ubao wa matokeo umekosa namba nne. Akageuka. Nikapiga magoti kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikatoa kikopo, nikamnyunyiza Mama kwenye kipande cha mwisho cha mstari, pale unapougusa ukuta wa kijani. Mweupe juu ya mweupe. Nikasema tumefika, Mama.

Merrill aliporudi akautazama mstari wote kwa jicho moja. Akasema kumbe naweza. Ni mara ya kwanza kunisifu tangu tuko shule, na sikuweza kufurahi.

Watu walijaa. Craddock Mashariki walikuja na ngoma zao na yule fundi bomba wao mkubwa, Fournier, ambaye akishika rungu linaonekana kama penseli. Verna alikaa ngazi ya kwanza upande wa kushoto, pai mapajani. Kwangu aliinamisha kichwa kidogo tu.

Na timu yetu ilicheza! Sijui wameota nini. Merrill anarusha mpira unakatika hewani kama ndege aliyekumbuka kitu. Mpaka raundi ya mwisho tuko mbele kwa pointi moja. Mashariki wametolewa wawili, bado mmoja. Wana wakimbiaji wawili vituoni. Na anayekuja kupiga ni Fournier.

Hesabu ilikuwa rahisi na kila mtu aliijua. Fournier akikosa, kijiji kinashinda kwa mara ya kwanza tangu uwanja ujengwe. Akipiga mpira wa ndani kwenye kona, wote wawili wanakimbia na tumekwisha. Hakuna aliyekuwa anatafuna. Nilisimama kwenye mstari wangu, namwomba Mungu Fournier apige kulia.

Akapiga kushoto.

Uliondoka chini na kwa kasi, ukanipita mguuni, unapinda, unapinda kuelekea nje. Niligeuka nikaufuata kwa macho. Nje, nilisema moyoni, nenda nje, bado kidogo tu. Ukaanguka chini ya mlingoti.

Na vumbi likaruka.

Moshi mdogo, wa kijivu, ukapanda kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ukasimama kidogo mbele ya ukuta, ukashuka. Hapo ndipo uwanja mzima ulipoinuka. Kwa sababu hapa kila mtoto anajua kwamba vumbi likiruka mpira umegusa mstari, na ukigusa mstari ni ndani. Lakini pia kila mtoto anajua kwamba mpira wa plastiki haurushi vumbi kwenye chokaa iliyolowa. Haijatokea. Haiwezekani.

Watu wote wakanitazama. Merrill akanitazama. Sikuwahi kuona uso wake vile, hauna hasira, unaomba tu. Ningesema nje, nani angebisha? Mimi ndiye mwamuzi. Mkono mmoja wa nje, na kesho ningekuwa mtu mzuri Craddock Hollow.

Nikamsikia Mama. Sisemi kwa mafumbo, nilimsikia masikioni, na bisi zake mdomoni.

Nikaelekeza mkono uwanjani. Nikasema, "Ndani."

Wakimbiaji walikuwa wameshafika. Ngoma za Mashariki. Merrill alivua kofia akaitupa chini, akaja kwangu akitembea, na ningependa angekuja akikimbia. Akasema nimemlipa kisasi. Akasema nilikuja kwenye mvua, nikapiga goti, nikamwapia, kumbe nilikuwa nasubiri hili tu. Nyuma yake timu nzima, na nyuma ya timu wake zao. Kitendo kimoja cha kweli nilichofanya maishani, na hakuna aliyekiamini! Nikasema vumbi limeruka, mmeliona. Merrill akasema chokaa yake imelowa, hairuki, basi nimwambie lile ni vumbi la nini.

Watu wakafungua njia katikati. Verna alikuwa anakuja. Pai ameiacha.

Hakunitazama. Alipita, akaenda mpaka chini ya mlingoti, akachuchumaa, akachukua kidogo kwa vidole viwili. Akasugua. Dada yangu amechoma kuni kwenye jiko miaka yote, anajua majivu. Akabaki amechuchumaa.

Akauliza, "Hii ni nini, Orrin?"

Nikasema ni Mama.

Merrill alielewa kabla ya wengine. Alitazama kile kibao chake kule getini, akatazama mlingoti. Nilingoja anifukuze uwanjani, kijijini, jimboni. Badala yake akasema, kwa sauti nzito kabisa, kwamba basi uamuzi ufutwe. Kwamba shahidi ana upendeleo. Kwamba mama yangu, Bi Ardith, hakuwahi kukubali mpira wa nje maisha yake yote, na hawezi kuanza kusikilizwa sasa kama ushahidi. Mashariki wakasema jivu liko kwenye mstari, kwa hiyo jivu ni mstari. Ukazuka ubishi wa sheria pale, watu wazima wanapigana vidole vifuani juu ya mama yangu.

Verna akasimama. Akasema, "Nimekaa pale mbele nimeuona kwa macho yangu. Uligusa. Acheni kelele, kuna mtu amelala hapa."

Wakaacha. Na Merrill, nimtendee haki, aliokota kofia yake lakini hakuivaa.

Kisha Verna akaomba ile brashi ndogo ya kusafishia kibao cha mpigaji. Akatandika leso yake, akapiga magoti, akaanza kumkusanya Mama. Mimi nilishika ncha ya leso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Alizoa jivu, alizoa chokaa, alizoa na vipande vya nyasi, kwa uangalifu, kama anayezoa unga wa mwisho wa nyumba. Nikamwambia nisamehe, dada. Akasema bado.

Alipofika pale mstari unapougusa ukuta, chini kabisa, brashi ikasimama. Kulikuwa kumebaki kidogo kwenye mpasuko, kati ya mbao za kijani na udongo. Ungeweza kukifikia. Mimi nilikiona, naye alikiona. Akakitazama kwa muda.

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri," akasema. Akafunga leso, akainuka.

Jumapili, 18 Agosti

Tumemzika Mama. Verna alikata ule utepe pale pale kaburini kwa kisu cha pai, akamimina leso ndani ya kopo. Mchungaji alijifanya anatafuta ukurasa. Kwa hiyo Mama amelala kando ya Baba akiwa na chokaa ya uwanja na nyasi kidogo, na Verna anasema hajapungua, ameongezeka. Aliniambia mimi. Ni sentensi yake ya kwanza kwangu tangu jana.

Kijiji hakinisalimii. Kwenye maharage ya kanisa jana jioni nilipewa kijiko kimoja tu, nikaelewa ujumbe. Merrill alikuja maziko na kofia mkononi. Hakunipa mkono, ila alisimama upande wetu wa kaburi. Leo asubuhi nilipita uwanjani, nikaona kibao cha getini kimefutwa mstari wa mwisho, halafu umeandikwa upya, kwa herufi kubwa zaidi. Ila kwenye ule mpasuko chini ya ukuta hakuna aliyepitisha ufagio.

Nimeapa, hiki ni kiapo cha nne na cha kweli, kwamba sitapanga mpango mwingine maisha yangu yote. Tazama nilikotufikisha. Dada yangu nusura nimpoteze. Mtu mzima lazima afike mahali atulie.

Baada ya chakula nikafungua sanduku la zana kutafuta bisibisi. Mpira ukabiringika. Ukalia chaka chaka.

Nimeutikisa karibu na sikio. Kidogo sana, labda punje chache zilizonasa kwenye tone la nta lililoangukia ndani. Kaburi limeshafunikwa. Verna asijue. Na ukifikiri vizuri, Mama alisema Fenway. Ya Merrill ni nzuri, sisemi, lakini hakusema iliyojikunja.

Septemba Boston wanacheza nyumbani. Na ninapolitazama suala zima kwa utulivu, mpira haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa nta. Gundi haiyeyuki.